Kizazi cha Saba

...saba, ni saba, hata akifumba jicho moja na kulifumbua jingine inabaki saba, imekaa pale kwenye kioo cha kompyuta imejituliza, i5, kistari, kisha 7500, na fundi amekwisha kumweleza kwamba tarakimu ya kwanza baada ya kistari ndiyo kizazi cha prosesa, na kizazi ndicho kila kitu, kikiwa cha nane kwenda mbele Windows mpya inaingia, kikiwa cha saba kurudi nyuma haiingii hata ukaisomea dua, na sasa hivi anauliza kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ile ile ya upole aliyoulizia mengine yote, "Bi Salhiya, baada ya kistari pameandikwa ngapi?" na Salhiya, mwalimu mzima, aliyewafundisha Wajerumani na Wajapani kuhesabu kwa Kiswahili mpaka elfu, amekishika kipanya kwa vidole vyote vitano na tarakimu moja imemkwama kooni... sema basi, saba, neno gani gumu hapo, siku saba za wiki, mbingu saba, hata mtoto wa chekechea analitamka, lakini akishalisema hilo fundi Munir atajibu haya basi, Bi Salhiya, hapana la kufanya, atavaa viatu vyake pale mlangoni, atateremka ngazi za Michenzani moja moja, na ndiyo yamekwisha, maana Nadir, mwanawe aliyeko Dar es Salaam, keshasema tangu juzi, mama ikishindikana hiyo usihangaike, nakuletea laptopu kwa boti, mpya kabisa ndani ya boksi lake, haitataka fundi wa aina yoyote, Mungu amzidishie mwanangu kwa moyo wake huo, lakini nani aliyemwambia kwamba mama yake anataka kitu kisichotaka fundi?

Na akisema nane... nane imekwisha kupangiwa ratiba, Munir mwenyewe kaipanga dakika chache tu zilizopita, "Ikiwa nane, ntakuja kesho kutwa niongeze RAM, kumbukumbu ya mashine, masharti yanataka giga nne na nne unazo, lakini utateseka nazo, nikutilie ziwe nane, halafu ntarudi siku nyingine nibadilishe diski, hiyo ya zamani inajikokota, na siku ya kuipandisha Windows yenyewe lazima nikae nayo mpaka mwisho, haiachwi peke yake," na wakati fundi akieleza habari za giga na diski Salhiya alikuwa akisikia kitu kimoja tu, atakuja, atarudi, atakaa, akaona haya mbele ya kompyuta yenyewe, mwanamke wa makamo yake, tena kizuka, yumo ndani ya eda ya mumewe, havai rangi, hatii wanja wala hina, hajifukizi udi, hatoki, na mwanamume asiyekuwa maharimu wake haingii alipo, yote hayo kayakubali, bibi yake aliyakaa, mama yake aliyakaa, hakuna alilolinung'unikia hata siku moja, ila kompyuta ndiyo haijui eda, kile chuo kinachompa wanafunzi wa kigeni wa kuwasomesha Kiswahili kwa mtandao kimetangaza kwamba Windows kumi imekwisha kuachwa na wenyewe tangu Oktoba, haipati tena ulinzi, na kuanzia mwezi ujao mwalimu ambaye hakupandisha mashine yake hapangiwi mtu, ndipo wifi yake, Bi Radhiya, dada wa marehemu, akapekua simu ya kaka yake bila kuuliza mtu, akakuta jina, akapiga, akaja jikoni kujisifu, "Nshakuitia fundi, anakuja baada ya Alasiri," "Fundi gani, wifi?" "Munir sijui nani huyo, mwenye kibanda Malindi, hapo karibu na bandari," na Salhiya aliyekuwa akiosha kikombe akakiosha tena, akakisuuza, akakiosha mara nyingine, mpaka wifi akamwambia kikombe hicho kitatoboka.

Akaja kweli, hodi, shikamoo Bi Radhiya, marahaba mwanangu, pole na ngazi, na wifi kwa ukarimu wake akamwambia pita ndani, mimi nipo, pana ubaya gani, lakini yeye akasema, "La, Bi Radhiya, mie ntakaa hapa hapa kwenye ukumbi, yeye atakuwa macho yangu," akakalia kigoda nje ya pazia, na wifi akatandika mkeka kizingitini, nusu huku nusu kule, anasuka ukili wake huku anaangalia pande zote mbili kama mshika kibendera wa mpira, na kazi ikaenda namna hiyo, ya kuambiana na kusomeana, bonyeza kile kitufe chenye alama ya dirisha, ndiyo, usikiachie, bonyeza na R, andika nnayokutajia, nisomee kilichotokea... kwanza ile waiitayo TPM, kijidude cha usalama ndani ya mashine kinachotunza funguo, Windows mpya haimkaribishi asiyekuwa nacho, akasoma, iko tayari kutumika, toleo mbili nukta sifuri, "Alhamdulillahi," akasema Munir, na moyo wa Salhiya ukaruka kama wa mwanafunzi aliyepasi, kisha nafasi ya diski, inatosha, kisha RAM, inatosha, kila sharti linapita, mpaka wifi akauliza na ikikwama mbele huko hapana njia nyingine? na Munir akacheka kidogo, "Njia ya panya ipo, Bi Radhiya, vijana wanaifanya, unaidanganya mashine nayo inakubali, lakini siku yoyote inaweza kunyimwa masasisho ikakuachia katikati ya somo, mie sifanyi," mie sifanyi, hivyo hivyo alivyokuwa, hakubadilika, na pazia hili jamani lina kasoro yake, mama mkwe alilishona fupi, halifiki chini, Salhiya akiinamisha macho kidogo tu anaiona miguu ya mtu hadi kifundoni, miguu mitupu iliyotulia juu ya saruji, na kidole gumba cha kushoto chenye ukucha uliopinda, na ukucha huo anaujua, alikuwapo siku ulipovunjika.

Ilikuwa ujanani mwao, ghorofani, juu ya duka la vitambaa, darasa la kwanza la kompyuta ambalo watoto wa mtaani kwao waliliona, mashine chache na wanafunzi tele, wawili wawili kwa mashine moja, mwalimu kampanga Salhiya na kijana wa Kitumbatu, mtu wa kisiwani, mwenye shati moja safi, mmoja ashike kipanya mmoja aandike, kila nusu saa mbadilishane, nao hawakubadilishana hata siku moja, yeye kwenye herufi, Munir kwenye kipanya, akiandika neno Munir anasogeza mshale hapo hapo anapotaka kabla hajamwambia, na mikono yao haikugusana, wallahi haikugusana, ingegusana pengine angesahau, yale yasiyofanyika ndiyo hayasahauliki, na siku ya kuhamisha meza Munir alibeba kioo kizima cha kompyuta, vile vioo vya zamani vizito kama gunia la mchele, badala ya kuangalia anapokanyaga akaangalia dirishani alipokuwa amesimama Salhiya, kioo kikamponyoka, kikatua juu ya kidole, darasa zima likapiga kelele isipokuwa mwenye kidole, na Salhiya akatoa kitambaa chake cha mkononi akampa afungie damu, Munir hakukirudisha, na yeye hakukidai... na wiki ile ile, ngazini, anachechemea, akamwambia bila kumtazama, "Nnakwenda Tumbatu kusema na ami yangu, aje alete posa, nisubiri," na Salhiya akasema, "Nenda," neno moja tu, lakini alilisema huku anacheka, na mtu akisema nenda huku anacheka maana yake si ile iliyomo kwenye kamusi... kumbe ami alikuwa anaezeka nyumba yake, hawezi kuondoka kabla hajamaliza kuezeka, mwambie huyo mtoto wa watu hakimbii, na mtoto wa watu hakukimbia, alikaa pale pale, waliokuja ni wazee wa Masoud, karani wa bandarini, mtu wa heshima, wakaja na barua yao na maneno yao yaliyopangika, baba akaafiki, akatumwa shangazi Mwatum chumbani kuja kumuuliza, "Kaja Masoud mwanangu, babaako karidhi, na wewe wasemaje?" na Salhiya akajifunika kanga mpaka utosini akanyamaza.

Akanyamaza. Hapo ndipo. Alinyamaza akidhani ananyamaza kwa nguvu, akidhani shangazi ataukuta ukuta, maana mtu mwenye furaha hanyamazi vile, mtu mwenye furaha angalau anavuta pua, na jina la mwingine lilikuwa limejaa mdomoni lisingeweza kutoka bila kumwaibisha baba, kwa hivyo akalifungia ndani na meno, akangoja shangazi aseme haya, nimekuelewa, na shangazi akasubiri kidogo, akasubiri tena, kisha akatoka nje, na kilichosikika ni vigelegele, mtaa mzima, kwa sababu kimya cha mwari ni ridhaa, kila mtu anajua, hata yeye Salhiya anajua, alilikariri kitabuni, chuo cha Kurani, mbele ya mwalimu wake akapigiwa mfano kwa sauti yake nzuri, kimya cha mwari ni ridhaa yake, na katika siku zote alizolikariri halikumpitikia hata mara moja kwamba ni yeye anayesemwa... ami wa Munir akaja nyumba yake imekwisha kuezekwa vizuri, akapewa kahawa na halua, akaambiwa kwa adabu, akaondoka kwa adabu, hakuna aliyekosea, hilo ndilo linalouma mpaka leo, lingekuwa na mkosaji lingekuwa jepesi, angepata wa kumkasirikia, lakini kila mtu alifanya sawasawa na yeye akaolewa.

Na Masoud alikuwa mtu mwema, Mola amrehemu, mtu mwema hasa, na mtu mwema huna mahali pa kumlalamikia, hajawahi kumpandishia sauti, anarudi kazini na mkate wa ajemi wa moto kaufunga gazetini, na alipoona mkewe anasomesha kwa simu, kioo kidogo, macho yanamwuma, akaenda akanunua kompyuta hii bila kuambiwa, akaipandisha ngazi mwenyewe, kila Ijumaa akiifuta vumbi na kuifunika kwa kitambaa cha kutarizi kama bibi harusi, na mashati yake bado yamo kabatini, juzi juzi alifungua akayanusa akalia, machozi ya kweli, si ya kuonyesha watu, sasa huyu anayelia na huyu anayetazama ukucha wa mtu chini ya pazia ni mmoja au ni wawili, na kama ni mmoja moyo wake una nafasi kiasi gani... yule mwanafunzi wake wa Kijapani alimuuliza wiki iliyopita, mwalimu, kusubiri na kungoja vinatofautiana vipi, akamjibu havitofautiani, ni kitu kimoja, usijisumbue, kisha usiku akajigeuza kitandani kwake akasema nimemdanganya mtoto wa watu, subira yavuta heri, ngojangoja yaumiza matumbo, na yeye miaka yote hii hakujua alikuwa kwenye ipi kati ya hizo mbili, aliishi tu, alipika, alizaa, alisomesha, alifurahi pia, asikufuru, alifurahi mara nyingi, lakini pembeni mwa kila furaha palikuwa na kiti kitupu, na akipita Malindi kwenda kupokea mzigo wa Nadir bandarini alikuwa akizunguka kwa njia ndefu ya nyuma ili asipite mbele ya kibanda fulani, na mtu hazungukii asilolijali, habari zake alizipata harusini kwa wanawake bila kuuliza, kaoa mke wa Mpendae, kapata binti, wameachana, binti kaolewa, anaishi peke yake, kila habari aliipokea kwa kusema aa, kumbe, na kuomba apitishiwe sambusa.

"Bi Salhiya?" sauti ile, "umeiona lakini? Iko mstari wa katikati, panapoanza na Intel," ndiyo, anaiona, ameiona zamani, "Nnaitafuta," akajibu, uongo wa kwanza huo umeshatoka na wala haukumuuma, basi wa pili utaumaje, nane, aseme nane tu, Munir hakioni kioo, amejinyima mwenyewe kukiona, macho yake ni yeye, na macho yakisema nane ni nane, kesho kutwa hodi, shikamoo Bi Radhiya, kigoda kitavutwa, atafungua mashine hapo hapo nje ya pazia, sauti yake itakuwamo nyumbani, bisibisi yake itasikika, na akigundua kwamba ni saba atakuwa ameshakuja, ameshakaa, hakuna awezaye kuirudisha nyuma saa ambayo mtu ameshakaa, na yeye atasema aa fundi nisamehe, macho yameanza kunichezea, umri huo, na atacheka, na huenda naye akacheka, kicheko chake hajakisikia tangu juu ya duka la vitambaa ukiacha kile kidogo cha njia ya panya, Mungu atamsamehe tarakimu moja, kuna watu wanadanganya mambo makubwa zaidi, wanadanganya viwanja, wanadanganya mirathi, yeye anataka kumwongezea prosesa mwaka mmoja tu wa kuzaliwa... akavuta pumzi, ulimi akauweka nyuma ya meno pale panapoanzia nane.

"Hivi wewe Munir," wifi Radhiya akadakia kutoka kizingitini bila kuinua macho kwenye ukili wake, "si wewe uliyemuuzia marehemu kompyuta hii?" Pumzi ikarudi kifuani. "Ni mie, Bi Radhiya." "Nshasema mie! Nilipoliona jina kwenye simu nikasema, huyu ndiye." "Alikuja pale kibandani," Munir akasema, sasa anasema polepole zaidi, "akanambia anataka mashine ya mke wake, anasomesha, na mie nilikuwa bado nauza wakati huo, lilikuwa limeshuka kontena kutoka Dubai, nikamchagulia nzuri kuliko zote zilizokuwamo. Nikaifungua, nikaisafisha, nikaijaribu kutwa nzima ndiyo nikampa," na wifi akasema Mungu akulipe, marehemu alikuwa akikusifu, na maneno yao yakaendelea huko, ya marehemu, ya bandarini, ya vitu vya zamani vilivyokuwa madhubuti, Salhiya hasikii tena, mkono ameuondoa juu ya kipanya kana kwamba kimepata moto, kisha akaurudisha polepole, akakifunika kwa kiganja, miaka yote hii imekaa chumbani mwake, amewasomesha juu yake watu wa nchi zisizohesabika, ameamka Alfajiri akaiwasha kabla hajakunywa chai, ameilalia kichwa alipochoka, na kila herufi yake ilikuwa imekwisha kuguswa, mtu aliijaribu kutwa nzima anajua ni ya nani, mke anayesomesha, mke wa karani Masoud, alijua... alijua ni yake, akachagua iliyo nzuri kuliko zote, akampa mumewe mkononi, akanyamaza.

Na kama aliifungua... ngoja. Kama aliifungua, akaisafisha, akaijaribu, basi anajua. Fundi anaweza kulisahau jina la mtoto wa mjomba wake lakini mashine aliyoichagua mwenyewe hawezi kuisahau, tena hii, anajua ni kizazi cha saba, alijua tangu wifi alipompigia simu, alijua TPM imo, RAM ni yeye aliyeitia giga nne, nafasi ya diski anaijua, angeweza kusema yote kwenye simu kwa dakika moja, Bi Radhiya, mashine hiyo nnaijua, haipandi, mnunulieni nyingine, na simu ikakatwa, badala yake kafunga kibanda mchana wa kazi, katoka Malindi na jua hili, kapanda ghorofa zote hizi, kakataa kuingia, kakaa kwenye kigoda, akaanza kuuliza kimoja kimoja anachokijua chote, nisomee hiki, Bi Salhiya, nisomee na kile, akijibiwa anasema Alhamdulillahi kama mtu aliyepewa habari mpya... hakuja kutengeneza kitu. Alikuja kusomewa. Salhiya akaona macho yanamjaa machozi, akashukuru kwamba pazia ni refu vya kutosha juu, na papo hapo ikampanda hasira, hasira nzuri ya zamani, kwa nini husemi, mtu gani wewe, mara ami anaezeka, mara prosesa, lini utasema, kisha hasira ikamshuka yenyewe maana jibu alikuwa analo, hawezi kusema, kizuka haposwi waziwazi, ni haramu, mtu anayejiheshimu haleti neno lile ndani ya eda ya mwenzake wala hamvunjii marehemu heshima kwa posa, kwa hivyo amebakiwa na namba, namba hazina dhambi, anaziuliza namba.

Sasa nane imekuwa kitu kingine kabisa. Akisema nane Munir atajua amedanganya, na atajua kwa nini, na ataipokea, hilo Salhiya halitilii shaka, mtu wa mie sifanyi ataufanya uongo huu kwa ajili yake, atapandisha RAM ngazini kesho kutwa anajua haina kazi, watakaa wawili huku na huku ya pazia wakiutunza uongo mdogo kama yai, na mashati ya Masoud yamo kabatini, na wifi kizingitini, na kila hodi itakuwa tamu na kila kwaheri itakuwa na tope, na baadaye, kama baadaye ipo, wataanza na tope hilo miguuni... la. La, hataki. Si kwa sababu ya woga, alikuwa mwoga siku ile ndani ya kanga, leo si ile, anampenda, haya kalisema, ndani ya kichwa chake lakini kalisema kwa jina lake, anampenda Munir tangu herufi na kipanya, na anamlilia Masoud, na yote mawili ni kweli na yatakaa nyumba moja, na kitabu kile kile kilichomponza kina mstari wa pili ambao mwalimu wa chuoni aliupitia haraka kwa sababu wote pale walikuwa watoto, kimya ni cha mwari, mjane hasemewi na kimya chake, mjane ataulizwa na atajibu kwa ulimi wake, wakamsikia, hakuna tena wa kutoka chumbani na kigelegele ambacho hakukitoa yeye, kwa hivyo eda itakwisha siku yake itakapofika, hatoivuta wala hatoisukuma, ataikaa kwa haki ya Masoud mpaka mwisho, na siku hiyo akiulizwa atasema, na asipoulizwa Malindi si ng'ambo, ana miguu, safari hii atapita njia ya mbele, lakini leo ameulizwa jambo moja tu na jambo hilo lina jibu moja, na kama Munir atavaa viatu na kuteremka, ateremke akiwa ameambiwa kweli, Salhiya atabaki na kidonda chake na kidonda cha kweli kina namna yake ya kukauka, akajiweka sawa kitini, akaondoa kanga mdomoni.

"Saba," alisema. Alilisema kwa sauti nzima, ile anayowasomeshea, ikajaa chumba na ikapita pazia. "Pameandikwa saba, Fundi. Ni kizazi cha saba." Ukili wa wifi ukasimama. Chini barabarani muuza urojo alikuwa akigongesha kijiko kwenye bakuli, feni juu inazunguka, na Salhiya akakaa anasikiliza kigoda, sasa kitalia, sasa atainuka, atasema haya basi Bi Salhiya, na kigoda hakikulia, ila nyuma ya pazia mtu akasafisha koo.

"Sikuisikia vizuri, Bi Salhiya," Munir akasema. "Tusije tukakosea. Nisomee tena yote, anza na ile ya mwanzo kabisa."

"Hee," akasema wifi Radhiya, akauchukua ukili wake, "masikio nayo yanataka kupandishwa," na Salhiya akarudi kwenye dirisha la kwanza, lile la TPM, akasogeza kiti karibu na pazia, akaanza kusoma polepole, neno baada ya neno.